Kuchungulia na Kutoa

Jumatatu, 4 Machi 2024

Leo nimepoteza kazi ya mtu, tena kwa mikono yangu mwenyewe. Binti wa mwaka wa tatu aliniletea ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, kurasa 41, aliyotumiwa na mwenzake kwa barua pepe ndani ya faili la zipu. Nikabofya mara mbili. Likafunguka kama folda nyingine yoyote: Word moja, picha sita. Nikaifungua hiyo Word, nikakaa nayo tangu saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Nilirekebisha pambizo, nikapanga yaliyomo, nikayahamisha majedwali mawili yaliyokuwa yanakatika kiuno katikati ya kurasa. Nilihifadhi kila baada ya dakika chache, maana umeme wa siku hizi hauaminiki. Mara ya kwanza kuhifadhi, kompyuta iliniuliza swali. Sikulisoma. Nilikubali kama ninavyopokea chenji kwenye daladala.

Nikafunga, nikaiburuta ile zipu kwenye flashi yake, nikapokea elfu nane, akaenda zake. Saa moja usiku simu ikaita: "Anti, mbona ripoti ni ileile?"

Ni ileile kweli. Niliyoihangaikia mimi haikuwa ndani ya zipu hata dakika moja. Tumeitafuta na mpwa wangu mpaka saa tatu, tukagundua kwamba ilihifadhiwa kwenye folda ya muda, kule Windows inakotupia vitu vya kupita, chini ya jina linaloanza na Temp1. Hiyo folda ilikuwapo mchana. Mpwa wangu ana programu ya ufagio anayoiendesha kila jioni kabla hatujafunga duka, na leo alifagia vizuri sana.

Hakuna wa kumlaumu. Namlaumu yeye kidogo.

Jumanne, 5 Machi

Nimeirudia kazi yote usiku. Saa mbili tu, mikono ilikuwa inaijua njia. Asubuhi binti alipokuja nilimrudishia na elfu nane yake. Alikataa kuipokea, nikaichomeka ndani ya daftari lake akiwa haangalii.

Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu nifungue steshenari hii njia ya Mazimbu, Morogoro, na muda wote huo nimeamini kwamba zipu ni folda yenye mkanda. Ikoni yenyewe inadanganya hivyo: folda ya njano imeshonewa zipu kama ya suruali. Windows imetuzoesha tangu ile XP ya mwaka 2001. Unabofya, unaona vilivyomo, unajihesabu umeingia.

Kumbe hujaingia. Zipu ni faili moja tu, kama picha ni moja na wimbo ni mmoja. Vilivyomo vimebanwa, na Word haiwezi kusoma chochote humo mpaka kifumuliwe kwanza. Kwa hiyo ukiibofya Word ukiwa humo ndani, Windows inakutolea nakala kimyakimya, inaiweka kwenye folda ya muda, inaipiga muhuri wa kusoma tu, halafu inakufungulia hiyo nakala. Ndiyo maana jana niliulizwa swali. Ni kama kwenda ghalani ukaomba kuuona mchele, mwenye ghala akakuchotea kiganjani. Uchambue ule wa kiganjani mpaka ung'ae, gunia liko vilevile na mawe yake.

Nimebandika karatasi juu ya skrini: TOA KWANZA, NDIPO UFUNGUE. Kitufe cha kulia cha kipanya, amri ya kutoa vyote, chagua mahali unapopajua, basi. Haichukui hata dakika. Mpwa wangu ameisoma akasema, "Shangazi, hilo bango ni la wateja au ni lako?" Sikumjibu. Nimemwambia kazi ya ufagio iwe Ijumaa kwa Ijumaa.

Ijumaa, 8 Machi

Bwana mmoja wa suti, anaomba kazi. Tovuti inakataa faili linalozidi MB 2, na vyeti vyake alivyoskani mahali pengine ni MB 11. "Nizipie, dada." Nikamzipia: MB 10.8. Akataka niizipu na ile zipu. Nikafanya ili aone mwenyewe, na badala ya kupungua ikaongezeka kidogo.

Nazi ukishaikamua tui la kwanza na la pili, kilichobaki ni chicha. Kamua utakavyo. Cheti kilichoskaniwa ni picha, na picha karibu zote zinazotoka kwenye skana na simu zimeshabanwa kwa namna ya JPEG. Tena huko zilibanwa kwa ukali zaidi, kwa kutupa vitu ambavyo macho hayangeviona. Zipu haina ruhusa ya kutupa kitu. Inatafuta marudio tu, na humo marudio yalishamalizwa.

Nikaviskani upya kwa rangi ya kijivu, nukta 150 kwa inchi. MB 1.4. Akaondoka anasema nimezipu vizuri. Sikumsahihisha, suti ilikuwa inaonekana ni ya kuazima na mvua ilikuwa inakuja.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Milima ya Uluguru haionekani, wateja nao vilevile. Mpwa wangu ameuliza jambo ambalo sijawahi kujiuliza: vitu vinabanwaje, halafu vikitolewa havijapungua hata nukta?

Nilichukua karatasi iliyoharibika kwenye fotokopi, nikageuza upande mweupe, nikamwandikia kipande cha kitanzandimi tulichokuwa tukishindana nacho utotoni: wale wali wala wali. Herufi 19 ukihesabu na nafasi. Nikamwambia ajifanye mashine bahili, isiyopenda kuandika kitu mara mbili. Andika "wale" na nafasi yake, herufi tano, hapo hakuna ujanja. Sasa inakuja "wal" ya "wali". Si umeshaiandika? Weka agizo tu: rudi nyuma 5, nakili 3. Ongeza i. Kisha nafasi na "wal" tena: rudi nyuma 5, nakili 4. Ongeza a. Mwisho nafasi na "wali": rudi nyuma 10, nakili 5. Basi. Umeandika herufi 7 na maagizo matatu. Nikamwachia karatasi yenye hizo herufi na maagizo peke yake. Akayafuata kwa kidole, midomo inacheza, kitanzandimi kikarudi chote.

"Kumbe siyo kubana," akasema. "Ni uvivu." Nimelipenda hilo, ni zuri kuliko maelezo yangu.

Wenye wazo hilo ni Abraham Lempel na Jacob Ziv, wataalamu wa Israeli, walilichapisha mwaka 1977. Zipu inalichanganya na la David Huffman la mwaka 1952. Huyu alikuwa mwanafunzi kule MIT, Marekani, na mwalimu wake aliwapa wanafunzi hiari: ama wafanye mtihani wa mwisho ama waandike insha juu ya tatizo fulani. Akachagua insha ili akwepe mtihani, akalitatua tatizo ambalo mwalimu mwenyewe lilikuwa limemshinda. Alichogundua ni namna ya kuzipa herufi mafungu yasiyo sawa. Kwa kawaida kila herufi inalipiwa biti 8, iwe a au iwe q. Huffman akasema zinazotumika sana zilipe kidogo, za nadra zilipe nyingi. Kwa Kiswahili, ambamo a imejaa kila kona, ni neema tupu. Ukiongeza na upatanisho wetu wa sarufi, kama "wanachama wote waliohudhuria wakaweka wino", mashine bahili inakenua.

Tukajaribu. Katiba ya kikundi chetu cha vikoba, maandishi matupu, KB 64. Zipu: KB 19. Kwa 7-Zip, programu nyingine ya kubana, ikashuka tena kidogo. Zipu ya kawaida inaweza kutazama nyuma herufi 32,768 tu, kama kurasa kumi na kitu. Neno likirudiwa mbali zaidi ya hapo, kwake ni jipya. Ile 7z ya 7-Zip ina kumbukumbu ndefu.

Nimeandika mengi leo. Ni hiyo mvua.

Alhamisi, 14 Machi

Mchana wa Ramadhani, duka limetulia. Kijana wa bodaboda amekuja na simu mkononi. Amekodi chumba, mwenye nyumba amemtumia mkataba kwa WhatsApp, jina lake mkataba.pdf, na kila akiufungua anaambiwa faili ni bovu. Kwao atakaporudi jioni anatakiwa awe ameusaini.

Niliurusha kwenye kompyuta, nikaufungua kwa Notepad, ile programu ya maandishi matupu. Ikamwaga uchafu mtupu, alama za ajabu ukurasa mzima. Lakini mimi nilikuwa naangalia herufi mbili za mwanzo: PK. PDF ya kweli huanza na alama ya asilimia na neno PDF. Inayoanza na PK ni zipu, haijalishi imevaa jina gani. Nikaibadilisha jina iishie na .zip, nikachungulia (kuchungulia tu, sikuhariri kitu), nikaona folda inayoitwa word. Ingekuwa Excel ningeona xl. Basi nikaipa jina lake la haki, mkataba.docx, ikafunguka kwa adabu. Mwenye nyumba aliambiwa atume PDF, akadhani kubadili jina ni kubadili faili. Watu wengi wanadhani hivyo, wengine wana shahada.

Maana docx zote ni zipu. Excel za siku hizi ni zipu, vitabu vya EPUB ni zipu, hata programu za Android tunazorushiana, zile APK, ni zipu. Nilikuwa natumia jambo hili kwa wanafunzi bila kulielewa: ripoti ina picha thelathini na zinatakiwa zitolewe, usizitoe moja moja. Badili jina liwe .zip, toa vyote, ingia word, ingia media, zimo zote kwa ubora wake.

PK ni Phil Katz. Mmarekani wa Milwaukee. Mwaka 1988 alikuwa na programu ya kubana mafaili iliyofuata namna ya kampuni nyingine, wakamshitaki, wakamalizana, akatakiwa aiache. Mwaka 1989 akatoa ya kwake, ndiyo hii zipu, akaacha maelezo ya muundo wake wazi ili yeyote auandikie programu. Ndiyo maana iko kila mahali. Alifariki Aprili 2000 katika chumba cha hoteli mjini kwao, pombe imeshammaliza, umri wake miaka 37. Leo nimefungua mkataba wa chumba cha elfu arobaini huku Morogoro na herufi za jina lake zilikuwa za kwanza kwenye mstari. Kijana wa bodaboda aliuliza PK ni nini. Nilimwambia ni jina la fundi.

Jumamosi, 16 Machi

Mwalimu amekuja. Mwalimu wangu wa darasa la tano, bado anatembea na kalamu mbili mfukoni. Nilisimama bila kujijua. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba. Kaa, siyo darasani hapa."

Ana CD tatu kwenye bahasha ya kaki, zimeandikwa 1, 2, 3 kwa wino wa bluu. Mwaka 1988 alizunguka Matombo, kule Uluguru, na redio kaseti akiwarekodi wazee. Kaseti tisa. Mwaka 2006 kijana mmoja wa ofisi fulani akamhamishia kwenye kompyuta, akazipakia kwenye hizo CD, na yule kijana baadaye akahamishwa kituo. Mwalimu alipeleka CD ya kwanza kwa watu wa kompyuta mara mbili. Mara zote ilianza kutoa, ikafika mahali ikadai kitu kingine, wakamwambia ni mbovu. Miaka kumi na minane amekuwa akiamini kaseti zake zimekufa.

Niliziingiza. Ya kwanza ina faili moja, wazee.part1.rar. Ya pili part2, ya tatu part3. Siyo vifurushi vitatu. Ni kimoja, kimekatwa mapande matatu kwa sababu CD moja inabeba kama MB 700 tu. Unayaweka mapande yote kwenye folda moja, majina usiyaguse, unafungua la kwanza peke yake, mengine programu inayafuata yenyewe. Ukiwa na la kwanza pekee, lazima likwame linapoishia. Hakuna aliyemuuliza Mwalimu kama ana CD nyingine. Naye, kwa vile aliambiwa mbovu ni ya kwanza, akaona hizo za nyuma za nini.

Ya 1 imenakilika. Ya 3 imenakilika. Ya 2 imefika asilimia sitini na kitu, kompyuta ikaanza kukoroma. Niliitoa nikaielekeza kwenye mwanga. Ina mkwaruzo kama ukucha wa paka.

Nimemwambia aniachie. Aliniangalia kama zamani alivyokuwa akiangalia nikisema nimesahau daftari nyumbani.

Jumanne, 19 Machi

WinRAR, programu yetu ya kufungulia RAR, imenikumbusha tena kwamba siku zangu 40 za kujaribu zimekwisha. Iliwekwa mwaka 2016. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini, na huyu fundi, Eugene Roshal, Mrusi aliyeianzisha RAR mwaka 1993, ni kama aliwasikia. Tofauti ni kwamba arobaini ikitimia hakukamati. Anakusalimia, anakukumbusha deni, anakufungulia mlango. Nimepitisha arobaini sabini hivi. R ya kwanza ya RAR ni ya jina lake, Roshal, na nimekuwa nikila kwake bure kwa miaka minane.

Lakini leo nimejua kuna ubaya zaidi ya aibu. Mwaka 2019 ilibainika kwamba WinRAR ilikuwa na tundu lililokaa humo miaka 19: kulikuwa na kipande kidogo cha kufungulia mafaili ya zamani ya ACE, na mtu mwovu angeweza kukutumia kifurushi ambacho, ukikitoa, kinadondosha programu yake kwenye folda ya vitu vinavyojiwasha kompyuta ikiwaka. Toleo jipya lilikiondoa kile kipande. Sisi tuko na la 2016, nalo halijisasishi lenyewe. Wanafunzi mia ngapi wamechomeka flashi hapa?

Nimeiondoa. Kwa sasa tunatumia 7-Zip ya Igor Pavlov, ambayo ni ya bure kwa haki yake na inafungua RAR pia, ila haiwezi kuitengeneza.

Jioni mama wa duka la vitambaa la jirani akaniletea barua pepe: "ankara" ndani ya zipu yenye neno la siri, na neno la siri lenyewe limeandikwa humohumo kwenye barua. Nikamuuliza, mama, mtu anayefunga mlango kwa kufuli kisha akaning'iniza ufunguo kwenye kitasa anamficha nani? Anaificha programu ya kukagua virusi. Zipu ikifungwa kwa neno la siri, programu hiyo haiwezi kuchungulia. Nikatazama orodha bila kutoa kitu: ankara.pdf.exe. Windows kwa kawaida inaficha mkia wa mwisho, kwa hiyo angeona ankara.pdf na angebofya. Tumeifuta. Mama ameniachia kanga doti moja, nimekataa, amekasirika, nimeipokea.

Alhamisi, 21 Machi

Mtu mmoja anataka nivunje neno la siri la zipu "yake". Nimekataa. Anachosahau, na sikumwambia, ni kwamba zipu huficha yaliyomo tu, majina inayaacha wazi. Niliyasoma yote alipokuwa akitafuta miwani. Haikuwa yake. Na yule mwenye nayo ana wakili.

Jumamosi, 23 Machi

Mvulana wa chuo cha SUA: amepakua zipu ya data za utafiti, MB 300, bando likakata ikiwa MB 270. Windows inakataa kuifungua kabisa, haionyeshi hata kitu kimoja, naye anauliza kwa nini zile MB 270 zisitoke. Ni swali la haki.

Zipu inaweka orodha yake ya vilivyomo mwisho kabisa wa faili, kama vitabu vingine vinavyoweka faharasa nyuma. Windows inaanza kwa kufunua nyuma. Ikikuta ukurasa wa mwisho umechanika, inarudisha kitabu kabatini. Lakini kila kitu humo ndani kina kitambulisho chake kidogo mbele yake, kinachoanza na PK ileile. Programu yenye subira inaweza kusoma toka mwanzo, kitambulisho kwa kitambulisho. 7-Zip ilimlalamikia kwamba data zimekatika, halafu ikamtolea karibu zote. Faili la mwisho lilikuwa nusu. Amekwenda kununua bando akapakue upya, ila angalau ameanza kazi.

Jumatano, 27 Machi

CD ya pili. Niliisafisha kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, siyo kwa kuzungusha, mtu akizungusha anaweza kukwaruza kwa kufuata njia ya data. Haikutosha. Mpwa wangu akaifufua ile kompyuta ya mezani ya stoo, ambayo kisomeo chake ni cha zamani na kina moyo, akaweka programu ya kunakili inayojaribu pagumu mara nyingi, ikishindwa inaruka na kuacha pengo. Iliwashwa jana saa tisa mchana. Leo saa nne asubuhi ikamaliza: part2 kamili kwa urefu, na pengo dogo.

Nimenunua WinRAR. Ndiyo, kwa pesa, toleo jipya. Ina kitufe kinachosema mafaili yaliyoharibika yasitupwe, na kwa kazi ya Mwalimu sikutaka kuomba tena ukumbusho wa arobaini.

Kabla ya kutoa niliangalia taarifa za kifurushi, nikitafuta jambo moja: kimebanwa kwa mkupuo au kila faili kivyake. RAR inaruhusu yote mawili. Ukibana kwa mkupuo, mafaili yote yanakuwa kama mshono wa mnyororo, kila tundu limeshika la nyuma yake. Kinapungua zaidi, lakini uzi ukikatika mahali pamoja unafumuka hadi mwisho. Yule kijana wa 2006, Mungu ampe maisha huko alikohamishiwa, hakugusa mpangilio. Kila kaseti kivyake. Lawama yangu kwake ni moja tu: angeweza kuongeza asilimia chache za data ya akiba, RAR ina nafasi ya hilo, na pengo kama hili lingeweza kuzibwa. Hakuongeza. CD zilikuwa zimejaa, labda.

Tukabonyeza kutoa. Kaseti 1 hadi 4, safi. Ya 5 ikatoa onyo: namba ya ukaguzi hailingani. Kila faili huandikiwa namba hiyo likifungwa, na likitolewa hesabu hupigwa upya, kama kujumlisha kitabu cha risiti mara mbili. Kisha 6, 7, 8, 9, zote safi. Mpwa wangu alipiga kofi meza mpaka kikombe cha chai kikamwagikia risiti.

Kaseti ya 5 inacheza dakika 11 kati ya 45.

Jumamosi, 30 Machi

Mwalimu alikuja saa tatu. Nilimwekea spika ndogo, nikafunga mlango nusu. Sauti ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe, changa, inataja tarehe na kijiji. Aliinama kidogo, kama mtu anayesikia anaitwa kutoka mbali.

Alitaka ya 5 mapema kuliko nilivyopenda. Ni mzee mmoja anaeleza habari za matuta, wakati wa mkoloni, jinsi serikali ilivyowalazimisha Waluguru kuchimba matuta milimani, na jinsi ilivyofika mwaka 1955 watu wakakusanyika Matombo. Anaeleza polepole. Nani alisimama wapi, nani alikuwa na nini mkononi, DC alitokea upande gani. Dakika ya 11 na sekunde kadhaa, katikati ya neno, kimya.

Tulikaa kimya na sisi. Nikamweleza habari za mkwaruzo, na mshono wa mnyororo, na kwamba nane zimepona. Alisikiliza yote, akauliza swali moja: hiyo sehemu iliyobaki imekwenda wapi? Nilimwambia haikwenda mahali, imo kwenye ile CD chini ya mkwaruzo, ila hakuna jicho la kuisoma. Akatikisa kichwa.

Tumeziweka zote kwenye flashi mbili, na nakala ya tatu inabaki dukani. Mafaili wazi, nimemwambia, hakuna kubana tena, nafasi siku hizi ni rahisi. Aliniomba nimwandikie kwenye karatasi namna ya kufungua, nikamwandikia mistari mitatu. Akaisoma, akatoa kalamu yake, akasahihisha koma.

Mlangoni akageuka. "Kaseti zenyewe," akasema, "zile za 1988, sikuzitupa. Ziko Matombo kwa shemeji, kwenye debe. Sikudhani zina maana tena baada ya kuingizwa kwenye kompyuta. Ila nakumbuka ya tano utepe ulikuwa umetoka nje kidogo."

Jumatatu anazifuata. Mpwa wangu anatafuta redio kaseti kwa fundi wa Msamvu. Nimetafuta duka zima penseli ya pembe sita, ile inayoenea kwenye tundu la kaseti, na katika steshenari yangu mwenyewe nimekuta za mviringo tupu.